Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama na wazee wetu,

Shughuli za kawaida mnazifahamu: usafi wa ufukwe, upandaji miti, misiba ya wenzetu wawili, Mungu awarehemu. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Mimi nijielekeze kwenye kijitabu, maana maneno yamekuwa mengi kwenye kundi la WhatsApp.

Ni kweli, kamati chini yangu iliamua fedha za safari yetu ya boti na pilau kwenye Kisiwa cha Saanane hapa Mwanza, shilingi laki tisa, zichapishe kijitabu cha historia ya kisiwa hicho. Risiti zipo, mwenye shaka aje azione. Lakini niwaulize: miaka yote tumevuka, tumekula, tumepiga picha na pimbi juu ya mawe. Ni wangapi tulijua kwamba pale palikuwa kwa mtu? Mzee Saanane Chawandi alikuwa mkulima na mvuvi, na jina lake tunalitaja kila siku bila kumjua. Mwaka 1964 ikafunguliwa pale bustani ya wanyama ya kwanza ya serikali nchini, watu wa mjini wapate kujifunza uhifadhi, na wanyama waliokuwa wakihamishiwa Kisiwa cha Rubondo wapate pa kushikiziwa. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 Hifadhi ya Taifa, kilomita za mraba 2.18 tu pamoja na maji yake, hapa hapa jijini.

Nimelaumiwa pia kwamba kijitabu nimekianza na Mzee Saanane badala ya Wajerumani walioweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Hapo sirudi nyuma. Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, lina jina la Mjerumani ambaye hakuwahi kuliona. Kisiwa kina jina la mtu aliyekilima.

Nilipopeleka nakala shuleni, watoto wa darasa la tano walisoma kwa kupokezana, kidole kikifuata mstari. Binti mmoja akauliza: wajukuu wa huyo mzee wako wapi? Katika safari zetu zote za boti sijasikia swali kama hilo.

Sasa la kusikitisha. Daftari lina wanachama 58. Waliolipa ada ni 17. Mkutano wa Juni akidi haikutimia, wa Septemba vilevile. Wanaolalamika zaidi ndio hawakuwepo siku jambo hili linapitishwa, na taarifa walipewa. Nauli za kufuatilia uchapaji nimetoa mfukoni mwangu, wala sijadai kurudishiwa.

Mwakani, Mungu akipenda na fedha zikipatikana, tunatarajia kuwarekodi wazee wanaoikumbuka bustani ile kabla hawajatutoka. Safari ya boti nayo itarudi hali ikiruhusu. Ada ni shilingi elfu kumi. Mweka hazina yupo meza ya mlangoni na kitabu cha risiti.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti