Hiyo mipira usiifunge kwanza

Mbeya, Jumapili jioni

Kaka Eliud,

Kamwene! Huku wazima, ila baridi imetukalia kweli. Mama Tusa anakusalimu.

Lusajo ameniambia umenunua mipira minene ya kushikia usukani wa pikipiki, eti mikono inakufa ganzi kabla hujafika Makambako. Nimeshika kalamu kwa ajili ya hilo. Hiyo mipira iache kwanza.

Pikipiki yangu ilipotoka kufunguliwa injini, nikifika 80 vioo vyote vinatetema, lori la nyuma silijui ni moja au mawili. Siku moja nikasimama Igawa, nikashindwa kufungua kamba ya kofia ngumu. Vidole havina habari kabisa. Nikanunua mipira kama yako, nikaongeza vyuma vizito kwenye ncha za usukani. Mikono ikapata nafuu. Wiki mbili baadaye nati ya kibao cha namba ikadondoka, kisha keria ikapasuka pale ilipochomelewa. Ugonjwa ulikuwa palepale.

Fundi mwingine, wa hapa Mwanjelwa, ndiye aliyeuona. Kuna shafti ya mizani inayozunguka kinyume na kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ili kupooza kishindo cha pistoni. Aliyeifungua mwanzo aliirudisha ikiwa imepishana jino moja na alama yake. Jino moja, kaka! Nilikaribia kulia.

Yako haijafunguliwa, kwa hiyo anza na bolti zinazoshika injini kwenye fremu. Zilegeze zote, injini ikae yenyewe, halafu zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha umekaza kiasi gani. Cheni nayo isikazwe kupita kiasi. Mtetemo ukigoma kuisha, weka spoketi ya mbele, kile kigurudumu kinachovuta cheni, ya meno 15 badala ya 14. Kwa mwendo uleule, injini iliyokuwa inazunguka mara 6,000 kwa dakika itazunguka 5,600, na kwa kuwa nguvu ya mtetemo hupanda kwa mraba wa mizunguko, itapungua kama asilimia 13. Ila kwenye mlima wa Kitonga utashusha gia mapema, hilo ulijue.

Mipira ije mwisho, baada ya hayo yote.

Sasa niambie: mtetemo unaanza ukiwa mwendo gani? Unausikia mikononi tu au hadi miguuni? Ukibana klachi njiani, injini ikashuka, mtetemo unakata? Na Matema bado tunakwenda? Shemeji je, amejifungua? Ile habari ya shamba… basi, tutaongea ukija.

Wako,
Ambakisye