Kabla hujamdondoshea mtoto matone ya bakteria

Wanangu mnaolea wachanga,

Nawaandikia nikiwa mkunga mstaafu, na nikiwa mama niliyewahi kutembea na mtoto begani tangu magharibi hadi usiku wa manane, yeye analia nami nalia. Ndiyo maana mkiniuliza kama matone ya bakteria hutuliza kilio cha mchanga siwezi kuwajibu harakaharaka. Najua anayeuliza hajalala.

Matone hayo ni probiotiki, yaani bakteria hai wa aina zinazokaa tumboni bila kudhuru. Ziko aina nyingi, na hapa ndipo wengi hupotea. Aina iliyochunguzwa zaidi kwa msokoto wa tumbo wa wachanga, yaani kile kilio kirefu cha mtoto asiye na ugonjwa unaoonekana, ni Lactobacillus reuteri, siku hizi ikiitwa Limosilactobacillus reuteri, tena ukoo mmoja wenye alama DSM 17938. Chupa iliyoandikwa "probiotiki" tu haijakuambia kitu. Soma jina lote mpaka namba za mwisho.

Mwaka 2010 madaktari wa Turin, Italia, walitoa matokeo ya jaribio lililoanza na watoto 50 walionyonya maziwa ya mama pekee. Baada ya siku 21, kilio cha waliopewa bakteria kilikuwa kama dakika 35 kwa siku. Cha wenzao waliopewa matone yasiyo na bakteria, dakika 90. Habari ikaenea, na nilifurahi kama wengine. Kisha mwaka 2014 wenzao wa Melbourne, Australia, wakapima watoto 167, wanaonyonya na wa maziwa ya kopo, wasione nafuu. Wa kopo waliopewa bakteria hata walisumbuka zaidi ya wenzao wa kopo wasiopewa. Mwaka 2018 watafiti waliunganisha majaribio 4 yenye watoto 345. Kwa jumla kilio kilipungua kwa dakika 25 hivi kwa siku ifikapo siku ya 21, na faida ya wazi ilikuwa kwa wanaonyonya. Kwa mtoto wa kopo, ushahidi haukutosha.

Dakika 25 si haba kwa mama aliyechoka. Basi kama mwanao anazidi kunenepa, amezaliwa kwa wakati wake na ananyonya, muulize daktari, jaribu wiki 3, na usipoona tofauti acha. Ila jueni kwamba kilio hiki hupanda hadi kilele karibu na wiki ya 6, kisha hushuka chenyewe, na kwa wengi huisha mwezi wa 3 au wa 4. Shukrani nyingi nilizosikia zikitolewa kwa dawa za tumbo zilistahili kupewa kalenda. Na msimwachishe mtoto ziwa kwa sababu analia, nawasihi.

Mtoto njiti ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati kufariki. Alikuwa amepewa probiotiki hospitalini, na bakteria wale wale wakakutwa wameingia kwenye damu yake. Kwa mtoto wa namna hiyo usidondoshe hata tone kwa kuamua mwenyewe.

Tena, kilio si lazima kiwe msokoto. Niliwahi kumpokea mtoto aliyetibiwa tumbo nyumbani siku 4. Nilipomvua nepi nikakuta ngiri imenasa, yaani utumbo umechomoza ukabanwa. Alipona, lakini mpaka leo nikisikia mtu akisema "ni tumbo tu," moyo hunishtuka. Mvueni mtoto nguo zote mkamtazame. Akiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi, akitapika kijani, akitoa damu kwenye choo, akikataa kunyonya, akilegea au utosi ukivimba, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Kuna jambo ninalolihofia kuliko yote. Kilio kisichonyamazika huwafikisha watu wema mahali pabaya. Kumtikisa mchanga kwa nguvu, hata kwa sekunde chache, kunaweza kumwaga damu kwenye ubongo wake, kumpofusha au kumuua. Ukihisi mikono inaanza kukaza, mlaze chali mahali salama, toka chumbani, uvute pumzi. Atalia dakika 10 akiwa mzima. Hujamtupa. Mama aliyenieleza kwa aibu kwamba alifanya hivyo, nilimkumbatia.

Nanyi akina baba, msinunue matone mkadhani zamu yenu imekwisha. Saa ile ya jioni kilio kinapoanza mnaijua. Mchukue mtoto kabla hujaombwa, mama akaoge, ale, alale.

Mama yenu,
mkunga mstaafu