Wasomi wa uzamili wa nishati washike mita

Ndugu Mhariri,

Mwaka jana chuo kimoja kilinikabidhi wanafunzi wanne wa shahada ya uzamili ya nishati endelevu. Nikawapeleka kwenye zahanati ambayo sola yake ilikuwa ikizima kila siku kabla ya saa tatu usiku. Tukiwa bado ndani ya gari, mmoja alishafungua kompyuta akipiga hesabu za jua la eneo lile. Hesabu safi kabisa, sina ubishi. Jibu likatoka: ziongezwe paneli nne.

Nikauliza nani ana mita ya kupimia umeme. Kimya. Nikawapa yangu, tukafungua nyaya, tukapima betri moja moja. Tatu zilisoma volti 12.5, ya nne 10.5: seli moja, yaani chumba kimoja cha ndani ya betri, imekufa. Tulipofungua vifuniko, maji yalikuwa yamekauka hadi sahani za risasi zinaonekana. Nesi akashangaa, "Kumbe huwa zinaongezwa maji?" Na kwenye kona kulikuwa na jokofu ambalo halimo kwenye mchoro wowote wa sola ile, limejaa soda, likila umeme uleule.

Siwalaumu vijana. Wamekaa darasani wakisomewa slaidi, kisha mtihani ukawauliza fomula zilezile. Hisabati lazima wazijue: Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, na mmoja ukichomoka ghafla gridi nzima, yaani mtandao wa umeme wa taifa, inayumba. Hilo hulipimi kwa mita ya mfukoni. Ila mhandisi anayejua la gridi peke yake atatuachia zahanati gizani.

Wenzetu wa Kenya waliokwenda Iceland kusomea jotoardhi, yaani nishati ya joto la chini ya ardhi, katika mafunzo ya miezi sita yaliyoanza 1979, walikuwa watu wa kazini tayari. Wengi waliandika ripoti zao kwa takwimu za visima vya mvuke vya kwao, kama vile vya Olkaria. Swali walitoka nalo nyumbani.

Sisi tunafanya kinyume: utafiti unasubiri semista ya mwisho, na mada inachaguliwa kwa kuangalia programu gani ya kompyuta ipo. Kila mwanafunzi apewe mtambo mmoja wa kweli tangu wiki ya kwanza, auhudumie hadi amalize, na sehemu ya alama zake itokane na usiku ngapi taa zimewaka. Siku ya kutetea tasnifu, nesi naye awekewe kiti mezani, aulize swali lake.

Fundi sola,
Singida