Kwa nini sirudishi pesa ukiishia kwenye upasuaji

Mwezi uliopita dada mmoja wa hapa Rotterdam, niliyemsindikiza kujifungua, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Alijiandaa kuzalia nyumbani na wakunga, akaishia hospitali kwa upasuaji, na sasa anadai nusu ya pesa alizonilipa. "Tulikubaliana uzazi wa kawaida," anasema. Huyu ni wa tatu tangu mwaka uanze, kwa hiyo naandika hapa ili anayetaka kuweka nafasi asome kwanza.

Mimi si mkunga. Anayekupima, kukuzalisha na kuamua uhamishiwe hospitali lini ni mkunga uliyejiandikisha kwake. Wengi wetu tuliotoka Tanzania, Kenya au Kongo tunamchukulia kama muuguzi anayemsubiri daktari, na tunakosea sana. Hapa Uholanzi, mimba ikienda vizuri, mkunga anakufuatilia miezi yote na kukuzalisha bila daktari kukuona hata mara moja. Kazi yangu Waholanzi huiita doula. Mimi najiita msindikizaji. Nakaa nawe tangu uchungu unapokolea, nakukanda kiuno, nahema pamoja nawe, nakukumbusha kunywa maji na kwenda kukojoa, na Kiholanzi kikikupotea nakutafsiria. Sindano na mkasi sishiki.

Natoza euro 900, na bima ya msingi hainilipi hata senti. Kwa pesa hiyo nakutembelea mara mbili kabla ya kujifungua na mara mbili baada yake, na katikati uchungu wote, uwe wa saa nne au siku mbili. Ila sehemu kubwa ya bei inatokana na majuma ambayo wateja hawayaoni. Mkunga anazalisha nyumbani kati ya wiki ya 37 na ya 42, nje ya hapo ni hospitali. Kwa hiyo mtu wangu akifika wiki ya 37 simu haizimwi, silali nje ya mji, siendi harusi ya mtu, na jirani yuko tayari kulala na wanangu. Ndiyo maana sipokei zaidi ya wajawazito wawili kwa mwezi.

Dada aliyelalamika nilikaa naye saa 27. Nilimkanda mpaka vidole vikafa ganzi. Uchungu ulipozorota mkunga akatuhamishia hospitali, jambo la kawaida kabisa kwa mimba ya kwanza, na huko mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kushuka. Chumba cha upasuaji aliruhusiwa kuingia mtu mmoja tu, akaingia mume. Mimi nilibaki koridoni na begi la mtoto hadi saa kumi na moja alfajiri. Nirudishe saa zipi hapo?

Sasa nizungumzie njia ya mkato ninayoisikia karibu kila mwezi: "Mama anakuja, kwa hiyo kraamzorg sihitaji."

Kraamzorg ni huduma ya yule mhudumu anayekuja nyumbani kwako baada ya kujifungua. Bima ya msingi inalipa, wewe unachangia kidogo kwa kila saa. Kawaida ni saa 49 zilizogawanywa katika siku 8 hadi 10. Unatakiwa ujiandikishe mapema, mimi nasema kabla ya wiki ya 16, kwa sababu wahudumu ni wachache na kampuni zinajaa. Watu wanaona huo mchango, wanapiga hesabu, wanasema mama atafanya bure.

Niliwahi kuwa na mume na mke waliotaka kuokoa mchango wa kama euro 250. Wiki ya 37 viza ya bibi wa mtoto ikakataliwa. Wakapiga simu kampuni nne, zote zimejaa. Dada akajifungua nyumbani salama salimini, uzazi mzuri kuliko mwingi niliouona. Mume alikuwa na wiki moja ya likizo ya mshahara kamili, nayo ilikuwa inakwisha. Siku ya tano nilipokwenda kuwaona nilimkuta mtoto wa manjano hadi tumboni, analala tu hata kunyonya haamki, na tangu asubuhi amelowesha nepi moja. Nilimpigia mkunga nikiwa bado nimesimama na koti. Mtoto alilala hospitali siku tatu chini ya taa za buluu, baba akachukua likizo bila malipo. Leo ni mzima, anakimbia. Lakini mhudumu angemwona siku ya tatu.

Mama akija, aje. Uji wake wa pilipili manga na ule mkono wake wa kukukanda kwa maji ya moto hakuna Mholanzi anayeuweza. Lakini mama hapimi homa yako kila siku, hagusi tumbo kujua kizazi kinarudi au hakirudi, na haandiki kwenye lile daftari mkunga analolisoma akija.

Kitanda nacho kinawasumbua watu. Kinatakiwa kiwe juu sentimita 70 au zaidi, ili mkunga na mhudumu wasivunjike mgongo, na miguu ya kukiinulia inaazimwa au kukodishwa kwenye maduka ya vifaa vya wagonjwa. Kuna baba aliyeahirisha hadi usiku wenyewe. Saa nane tulikuwa tunagonga kwa jirani kuomba kreti za bia, mke wake ameinamia ngazi, uchungu unakuja kila dakika tatu. Ukiniweka nafasi, nitakikagua kitanda chako wiki ya 36, na usipokiinua nitakuudhi kwa simu.

Anayenipigia wiki ya 38 akitaka bei ipungue kwa kuwa "zimebaki siku chache" namkatalia. Ziara za kabla ndizo zinazonifanya nijue unaogopa nini na unataka nani asiwepo chumbani.

Nawe dada yangu wa ujumbe wa sauti, ziara yako ya pili ya baada ya kujifungua haijatumika. Mshono bado mbichi, usipande ngazi kunifungulia. Mwachie mumeo ufunguo. Nitakuja Alhamisi na uji.