Mikongo ya baharini ilindwe hata wakati wa vita

Mhariri,

Usimamizi wa intaneti ukitajwa hapa kwetu, mjadala huishia kwenye bei ya bando na nani kafungiwa akaunti. Naomba nafasi nieleze upande wake unaogusa amani ya mataifa: mikongo, yaani nyaya za chini ya bahari zinazobeba intaneti kati ya nchi na nchi.

Februari 2024 wapiganaji wa Houthi, wanaoshikilia sehemu ya Yemen, waliipiga kwa kombora meli ya mizigo Rubymar karibu na nchi hiyo. Mabaharia waliikimbia, ikachukuliwa na maji huku ikiburura nanga, na siku chache baadaye mikongo mitatu ikakatika katika Bahari ya Shamu, ukiwamo wa SEACOM unaopitisha mawasiliano yetu kwenda Ulaya. Inaaminika ni nanga hiyo iliyoikata.

Mafundi wa kuunganisha mkongo wapo. Meli maalumu huzivua ncha zilizokatika kwa kulabu, nyuzi za kioo zikaungwa moja moja, kisha mkongo ukashushwa tena. Kilichokosekana ni kibali na usalama. Yemen ina pande mbili zinazodai kuwa serikali, na hakuna nahodha atakayesimamisha meli siku kadhaa mahali palepale chini ya makombora. Mkongo wa AAE-1, mmoja wa ile mitatu, ulisubiri matengenezo kwa miezi.

Mei mwaka huohuo mikongo ya SEACOM na EASSy ikakatika upande wa kusini, safari hii bila vita. Dar es Salaam tulionja. Katika ofisi yetu ya uwakala wa forodha hati zilikwama, na makontena yakaendelea kutozwa gharama za kukaa bandarini.

Sheria ipo, lakini ina tundu kubwa. Mkataba wa Paris wa 1884 unafanya kukata nyaya za baharini kuwa kosa, ila kifungu cha 15 kinasema hauzuii uhuru wa mataifa yaliyo vitani. Ulinzi unakoma pale hasa tunapouhitaji! Mwaka 2015 wataalamu wa serikali katika Umoja wa Mataifa walikubaliana kuwa nchi isihujumu miundombinu muhimu ya nyingine kwa njia ya mtandao. Makubaliano hayo ni ya hiari, na nanga na makombora hayamo.

Tanzania na Kenya, ambako mikongo inatua, zipeleke hoja Umoja wa Mataifa: mkongo wa kiraia usiguswe vitani, na meli ya matengenezo ilindwe kisheria kama inavyolindwa meli ya hospitali. Uganda, Rwanda na Burundi, zisizo na pwani, zina kila sababu ya kuiunga mkono.

Wakala wa forodha,
Dar es Salaam