Tarakimu moja inayoiangusha mikoko

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa miradi ya Uchumi wa Buluu, yaani shughuli za kiuchumi za bahari na pwani, hapa Zanzibar, hasa namna faida zake zinavyopimwa kabla ya kuidhinishwa.

Uchambuzi wa gharama na faida ni chombo kizuri, lakini ndani yake mna tarakimu moja ambayo sisi wananchi ni nadra kuiona: kiwango cha punguzo, yaani asilimia inayotumika kushusha thamani ya fedha za miaka ijayo ili zilinganishwe na za leo. Faida ya shilingi milioni 100 itakayopatikana baada ya miaka 30, ikipunguzwa kwa asilimia 10 kwa mwaka, leo huhesabiwa milioni 5.7 tu. Kwa asilimia 3 inakuwa milioni 41. Na fedha ni zile zile! Hoteli hulipa mapema. Mikoko yetu ya Pemba, inayosaidia kuzuia maji ya chumvi yasivamie mabonde ya mpunga, hulipa polepole, vizazi hata vizazi, hivyo kiwango kikubwa huifanya ionekane haina thamani. Chaza wanaookotwa na kina mama kwa kitoweo ndio kabisa hawahesabiwi, maana hawana risiti.

Napendekeza kila ripoti ya mradi wa pwani itaje kiwango kilichotumika, ioneshe matokeo kwa viwango viwili au vitatu, kisha iwekwe kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo husika, kwa Kiswahili, kabla mkataba haujatiwa saini.

Msomaji wako,
Wete, Pemba