Kuteleza dukani si bahati mbaya tu

Mhariri,

Mama yangu aliteleza kwenye mafuta ya kupikia yaliyomwagika katika supamaketi moja hapa Nairobi, akavunjika kifundo cha mkono. Hapakuwa na kibao cha onyo. Meneja alimletea chupa ya maji, vocha ya shilingi 2,000 na karatasi ya kutia sahihi. Namshukuru Mungu mama hakuwa na miwani yake ya kuisomea, akakataa.

Wakenya wenzangu, msitie sahihi chochote mkiwa na maumivu! Sheria ya Kenya kuhusu wajibu wa wanaoendesha majengo (Occupiers' Liability Act), Sura ya 34, inamtaka anayeendesha jengo achukue tahadhari ili wageni wake wawe salama. Pigeni picha sakafu, tunzeni risiti na karatasi za hospitali, na muombe kwa maandishi picha za kamera kabla hazijafutwa. Kesi hufunguliwa ndani ya miaka 3. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 laweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, hata bila wakili. Asiye na uwezo aende Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria linalowasaidia wanyonge tangu 1973.

Mama bado hawezi kukanda unga wa chapati.

Msomaji wenu,
Donholm, Nairobi